Oolong kwa mnywaji wa chai ya rangi

Chukua oolong nzuri, aina ya chai ya Kichina, imwage kwenye sufuria la chai ya maziwa, tia tangawizi na sukari ya kutosha, acha itokote. Utapata kinywaji cha ovyo: kichungu kidogo, rangi haieleweki, tangawizi imefunika kila kitu. Pakiti nyingi zinazoletwa Mwanza kama zawadi kutoka China huishia hivyo. Mwenye nyumba anaonja, anakunja uso, anairudisha kabatini na kuendelea na majani yake ya siku zote. Chai yenyewe haina kosa, imepikwa tu kwa kanuni za chai nyingine.

Kanuni hizo tumezipata kwenye majani tuliyokua nayo. Majani yanayouzwa madukani Kirumba, Igoma au Buzuruga yamepitishwa kwenye roli zenye meno zinazolikata jani, kulichana na kulisokota mpaka linakuwa punje. Mashine za namna hiyo zilianzia Assam, India, mwaka 1930, na leo ndizo zinazotawala viwanda vya Afrika Mashariki. Punje zile hutoa rangi na ukali upesi. Zinahimili maziwa, iliki na tangawizi, na hata ukizisahau jikoni hazikuaibishi mbele ya mgeni. Kwa chapati ya asubuhi sijaona chai ya kuzishinda. Ila ukizichukulia kuwa ndiyo kipimo cha kila kitu kinachoitwa chai, oolong itakushinda kuielewa.

Mmea ni mmoja. Chai ya kijani, chai nyeusi tunayoiita ya rangi na oolong, zote hutoka kwenye mti ambao wataalamu huuita Camellia sinensis. (Mchaichai na rosela ni vinywaji vya heshima, ila havimo kwenye ukoo huu.) Ipo miche inayopendelewa kwa oolong, lakini kinacholifanya jani liwe oolong ni yale linayotendewa katika siku moja hivi tangu lichumwe.

Mtu aliyewahi kukata bilinganya akaiacha kwenye sinia kabla ya kukaanga ameshaona sehemu kubwa ya siri hii. Ile nyama nyeupe hugeuka kahawia mbele ya macho yake. Ndani ya jani la chai kuna kemikali ziitwazo katekini, na kuna vimeng'enya vilivyokaa chumba kingine. Kuta za seli ndizo zinazovitenganisha. Jani likipondeka, kuta hupasuka, viwili hivyo hukutana, oksijeni ya hewani huingia kati, na katekini huanza kugeuka kuwa theaflavini na thearubijini. Hizo ndizo zinazoipa chai nyeusi wekundu na ukali wake. Wengi kwenye biashara ya chai huita hatua hiyo kuchachusha, ingawa hakuna hamira wala bakteria anayehitajika hapo. Moto ndio unaoisimamisha, kwa sababu kimeng'enya kikipata joto kali huharibika na hakirudi tena kazini.

Basi chai huachana njia kwa wakati wa kuupata moto. Ya kijani huuwahi mapema, kabla jani halijabadilika. Nyeusi huachwa mpaka jani lote liive kwa wekundu. Oolong husimamishwa njiani, na njia yenyewe ni ndefu: wengine husimama kwenye kama asilimia 10 ya mabadiliko hayo, wengine huenda mpaka 80. Ndiyo maana ukiambiwa oolong ni "katikati ya chai ya kijani na nyeusi" umeambiwa kweli isiyokusaidia. Vikombe viwili vya oolong vinaweza kutofautiana kwa rangi, harufu na ladha kuliko chai ya kijani inavyotofautiana na nyeusi.

Kazi ya usiku kucha

Wachumaji wetu wa Mufindi hufundishwa majani mawili na chipukizi. Kwa oolong nyingi jani husubiriwa likomae zaidi, chipukizi lifunguke kabisa, kisha huchumwa pamoja na majani mawili au matatu yanayolifuata. Jani changa mno haliwezi kuyavumilia yatakayolipata.

Kwanza huanikwa juani kwa muda mfupi mpaka linalegea na kupoteza mng'ao. Kisha huingizwa ndani, likatandazwa kwenye nyungo pana za mianzi, na hapo huanza kazi inayoitofautisha oolong na chai nyingine zote. Fundi huyainua majani kwa mikono miwili, huyatikisa na kuyaachia, au huyazungusha taratibu kwenye pipa la mianzi. Majani yakigongana, kingo zake huchubuka ilhali katikati husalimika. Akimaliza huyaacha yapumzike saa moja au mbili, maji yaliyobaki kwenye kikonyo yasambae hadi pembezoni. Halafu hutikisa tena, hupumzisha tena, na mara nyingi kunapambazuka akiwa bado kwenye shughuli hiyo. Pua ndiyo saa yake. Mwanzoni chumba hunuka majani mabichi, baadaye maua, na akiendelea, tunda lililoiva. Akiona harufu aliyoitaka imefika, huyakimbiza kwenye moto. Akiwahi mno chai hubaki na ubichi unaokwaruza koo. Akichelewa, maua yanapotea na hayarudishwi na chochote.

Baada ya moto jani huviringishwa. Katika milima ya Wuyi na kule Chaozhou, nchini China, husokotwa kwa urefu, likawa kama kamba fupi nyeusi. Anxi na Taiwan hulifunga kwenye kitambaa na kulikamua mara nyingi mpaka linajikunja kuwa kidonge kigumu kisichozidi punje ya mbaazi.

Kidonge hicho ndicho ningemwonyesha kwanza mtu asiyeijua oolong. Kiweke kwenye kikombe cheupe, mimina maji ya moto, tazama. Kwanza hakuna kinachotokea. Kisha kinaanza kulegea upande mmoja, kikonyo kinachomoza, na kufikia mimino ya tatu au ya nne kikombe kizima kimejaa majani yaliyofura mpaka yanasukuma kifuniko. Toa moja, litandaze kwenye kisahani kwa ncha ya kidole. Ni jani zima, lenye meno yake pembeni na mshipa wake wa kati, huenda na majani mawili ya kando bado yameshikana kwenye kikonyo kimoja. Kama limetengenezwa kwa njia ya zamani utaona katikati kijani iliyokolea, na kuzunguka ukingo wote mstari wa wekundu wa kutu, mpana hapa, mwembamba pale, kulingana na lilivyogongwa usiku ule. Huo ndio ushahidi wa kazi ya fundi, na haiwezekani kuughushi kwenye punje iliyosagwa.

Jambo la pili linalowachanganya watu, wakiwamo wauzaji, ni kuoka. Baada ya kukauka, oolong nyingi huokwa tena kwa joto la polepole, saa kadhaa au kwa awamu zinazoachana siku nyingi; mafundi wa jadi bado hutumia mkaa uliofunikwa majivu. Kuoka kunaitia chai weusi wake, ambao hauhusiani na ule wekundu wa hewani. Ni mambo mawili tofauti yanayoishia kwenye rangi zinazofanana. Ipo oolong iliyobadilika sana kwa hewa lakini haikuokwa: maji yake ni rangi ya asali na ladha yake ni ya tunda. Ipo iliyobadilika wastani kisha ikaokwa vikali, nayo inaweza kuwa na rangi ileile huku ikinukia karanga zilizotoka kikaangoni. Muuzaji akikwambia "hii ni ya giza," usiridhike. Nusa majani makavu. Harufu ya kukaangwa ni ya moto. Harufu ya tunda au asali ni ya hewa.

Miamba ya wenzetu

Sisi wa Jiji la Miamba tuna sababu ya kuanzia Wuyi. Ni milima iliyoko kaskazini mwa mkoa wa Fujian, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999, na chai yake hujulikana kote China kama chai ya miamba. Miti hupandwa kwenye mabonde membamba katikati ya magenge, mahali ambapo jua hukaa kidogo na maji huchuruzika mwambani hata baada ya mvua kukatika. Udongo wake ni wa mwamba uliolika. Wapenzi wake husema huacha mdomoni ladha ya jiwe lililolowa, na ukishaionja maelezo hayo hayachekeshi tena. Miamba yao ni ya mchanga mwekundu ulioshikamana, si graniti kama hii yetu, kwa hiyo usianze kuchimba mashimo ya miche kati ya mawe ya Bugando.

Chai maarufu kuliko zote za Wuyi ni Da Hong Pao. Iko miti mama sita iliyoota kwenye genge, na kwa takriban miaka 20 sasa imelindwa, haichumwi. Inayouzwa ni ya miche iliyozaliwa kutoka kwenye ile ya zamani, au mchanganyiko wa chai kadhaa za milima hiyo, na nyingine ni tamu kwelikweli. Ila anayekuuzia pakiti akiapa kwamba imetoka kwenye miti mama, huyo ni tapeli.

Kusini zaidi ndani ya Fujian iko Anxi, nyumbani kwa Tieguanyin. Hiyo ina sura mbili: ya kisasa, ya kijani, isiyookwa, yenye harufu ya maua mpaka mtu anaweza kudhani imetiwa marashi; na ya zamani iliyookwa, ambayo binafsi naipenda zaidi. Katika mkoa wa Guangdong kuna Dancong ya mlima Fenghuang, jirani na Chaozhou, yenye harufu kali za maua na matunda. Ni rahisi kuiharibu kwa kuiacha majini muda mrefu, basi mwanafunzi aipishe kwanza.

Taiwan walipokea ufundi huu kutoka Fujian, na mwaka 1869 Mwingereza John Dodd alisafirisha oolong ya kisiwa hicho hadi New York. Leo wanajivunia chai za mlima mrefu, yaani zilizopandwa kuanzia kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari: Alishan, Lishan na nyinginezo. Kwa kipimo hicho hata Mwanza ni mlimani, maana ziwa lenyewe liko mita 1,134. Lakini sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kutoka ikweta, na baridi ya usiku inayolifanya jani likue polepole huku hatuna; ndiyo maana chai yetu imepanda juu zaidi, Mufindi, Njombe na Rungwe.

Ya ajabu kuliko zote ni ile iitwayo Oriental Beauty, ya Hsinchu na Miaoli, hukohuko Taiwan. Hutegemea kidudu cha kijani, kirukaji, chenye urefu wa milimita tatu hivi, kinachofyonza maji ya majani wakati wa joto. Jani lililoumwa hujihami kwa kutengeneza kemikali zenye harufu, na baada ya kusindikwa kemikali hizo hunukia asali na zabibu. Mkulima akipiga dawa, wadudu wanakufa na asali inakufa nao. Hivyo huliacha shamba liliwe kidogo, mavuno yakapungua na bei ikapanda. Mkulima wa pamba wa Kwimba akiambiwa habari hii hataamini.

Majani mengi, maji kidogo, muda mfupi

Sisi hutia kijiko au viwili kwenye birika zima na kuliacha lichemke. Oolong hugeuza hesabu hiyo. Chombo chake cha kawaida ni gaiwan, kikombe kisicho na mkono chenye kifuniko na kisahani, kinachobeba kama mililita 100. Humo hutiwa gramu 5 za chai, yaani vijiko viwili vidogo vya vidonge, au majani ya kamba yanayojaza nusu ya kikombe. Mimina maji ya moto, funika, subiri sekunde 20 hadi 30, kisha mwaga chai yote kwenye jagi dogo au vikombe vidogo, usibakize. Mimino ya pili inaweza kuwa fupi zaidi kwa sababu majani yameshaamka. Kuanzia ya tatu ongeza sekunde tano au kumi kila mara. Oolong ya maana itakupa mimino sita au zaidi, na kila mmoja utakuwa na la kwake: maua mwanzoni, utamu katikati, na mwishoni maji mepesi yanayokata kiu.

Huna gaiwan? Bakuli dogo na kisahani cha kulifunikia vinatosha, ukimwaga kwa kukisogeza kisahani kidogo ili kizuie majani. Anayetaka kikombe kimoja kikubwa aende nacho kibarazani atie gramu 3 kwa mililita 250, asubiri dakika tatu, achuje. Majani asiyatupe, yana kikombe cha pili.

Ukarimu wa kwetu hupimwa kwa kikombe kilichojaa, kwa hiyo vile vikombe vya kumeza mara mbili huleta maswali. Shangazi yangu wa Nyakato alipopewa cha kwanza alikigeuza mkononi. "Mwanangu, hii ni chai au unanionjesha dawa?" Nikamwambia, "Kunywa tu, shangazi, kingine kinakuja." Kufikia cha tatu aliomba sukari, nikakataa, cha nne akasahau kuiomba.

Maji ni nusu ya kinywaji, na hapa kando ya ziwa tumependelewa. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria ni mvua iliyonyesha moja kwa moja juu yake, hivyo yana madini machache. Maji laini ya namna hiyo huiachia harufu ya chai nafasi. Maji mazito ya baadhi ya visima huizima na kuacha utando juu ya kikombe. Kasoro ya maji ya bomba ni harufu ya klorini. Acha birika lichemke dakika chache bila mfuniko, itapungua sana.

Kisha kuna suala la joto. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini kwenye kimo cha Mwanza huchemka kwa kama 96. Pakiti nyingi za Taiwan hushauri nyuzi 95, na watu wa nchi tambarare hununua vipimajoto kwa ajili hiyo. Wewe subiri birika lichemke, umimine. Chai ya Wuyi iliyookwa sana hupenda maji ya moto kuliko tunayoweza kuyapata huku. Fidia kwa kuiongezea sekunde tano au kumi. Na kama maji utayatunza kwenye chupa ya chai, iwe chupa ambayo haijawahi kukaa chai ya tangawizi, la sivyo utakunywa tangawizi ya wiki iliyopita.

Maziwa sikushauri kabisa. Sukari, kwenye ile iliyookwa, sitagombana na mtu, ingawa kitafunwa kitamu hufanya kazi hiyo vizuri zaidi: matobolwa, vile viazi vitamu vya Kisukuma vilivyochemshwa, kukatwa na kuanikwa, hukaa na oolong iliyookwa kana kwamba vilipangiwa. Karanga pia. Baada ya sangara wa kukaanga, kikombe kimoja cha Wuyi hufagia mafuta yote mdomoni. Zile za kijani zenye maua zinywe peke yake, saa kumi jioni, hali ya hewa ikianza kupoa. Mchana wa jua kali kuna njia ya uvivu: gramu 5 kwenye nusu lita ya maji baridi, usiku kucha kwenye friji. Hapo maji hayachemki pamoja na chai, kwa hiyo lazima yawe yalichemshwa kabla.

Kuhusu afya nitasema machache, kwa kuwa yanayosemwa ni mengi mno. Oolong ina kafeini, na anayekosa usingizi kwa chai ya rangi atakosa kwa hii pia. Kama chai nyingine, inapunguza mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga za majani, hivyo mjamzito au mtu anayetumia vidonge vya kuongeza damu aiache mbali na mlo na dawa, angalau saa moja. Kupunguza tumbo? Usiinunue kwa sababu hiyo. Na zile "chai za kukata tambi" zenye picha ya kiuno chembamba ni habari nyingine kabisa: nyingi za aina hiyo huwekwa sanamaki, na kinachopungua ni kile ulichokiacha chooni.

Kuipata hapa mjini si rahisi. Njia ya uhakika ni ndugu na majirani wanaofuata mzigo Guangzhou, kwa sababu ndani ya jiji hilo lipo soko la Fangcun, mojawapo ya masoko makubwa ya chai ya jumla nchini China. Mwagize majani mazima, asinunue yenye vumbi wala vijiti vingi, na aombe kuonjeshwa kabla ya kulipa. Huko ni jambo la kawaida, wala hataonekana msumbufu. Akikutana na "oolong ya maziwa" aulize vizuri. Ipo aina ya Taiwan iitwayo Jin Xuan yenye ladha laini ya maziwa ya kuzaliwa nayo, hafifu kiasi kwamba inabidi uitafute. Inayonukia pipi ya maziwa kabla hujafungua pakiti imetiwa manukato. Aombe pia igawanywe kwenye pakiti ndogo zilizofyonzwa hewa. Ya kijani ikishafunguliwa iwahi kabla miezi michache haijapita, iliyookwa itakusubiri mwaka na zaidi. Zote ziwekwe kwenye kopo linalofunga vizuri, gizani, rafu tofauti na dagaa. Jani la chai hunyonya kila harufu inayopita, na dagaa wa Mwaloni hawana haya.